Mchunga Ng'ombe wa Sebuleni

Sebule ya bibi yangu, Heru Juu, ilikuwa na picha tatu ukutani. Ya kwanza ni ya Mwalimu Nyerere. Ya pili ni ya babu na bibi siku ya ndoa yao, wamesimama mbalimbali kama watu waliokutana kituo cha basi. Ya tatu ilikuwa kipande cha juu cha kalenda ambayo miezi yake ilikwisha kuchanwa zamani: kijana mwenye ngozi ya buluu, miguu kaipishanisha, filimbi mdomoni, unyoya wa tausi kichwani, na nyuma yake ng'ombe mweupe aliyemwegemea kama anayesikiliza habari nzuri.

Babu aliipata Kasulu mjini, alikokuwa kibarua wa kufunga mizigo katika duka la Mhindi. Kila mwisho wa mwaka mwenye duka aliwagawia wafanyakazi wake kalenda. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na miaka michache baadaye mwenye duka akahama. Kalenda ikabaki. Bibi aliitafutia fremu ya mbao, akaitundika mkabala na mlango, akaipa jina: Mchungaji.

Heru Juu, kwa asiyepajua, ni kijiji cha milimani katika wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya watawala wa Heru, mojawapo ya himaya za Waha. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, bado anatajwa na wazee kama mtu aliyetoka tu nje kidogo. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Habari za ng'ombe hazikufutwa. Mtu wa umri wa bibi akimwona ng'ombe, hata wa kwenye karatasi, humkagua.

Naye alimkagua yule. Alisema ng'ombe hajafungwa, kasimama kwa hiari yake, kwa hiyo kijana ni mchungaji mzuri. Alisema pia kwamba kiwele ni kidogo mno kwa mwili ule. Na alisikitika kwamba kijana ameshika filimbi kwa mikono yote miwili, fimbo hana, na mifugo ikiingia shamba la watu atajua mwenyewe. Nimesoma kurasa nyingi za uhakiki wa sanaa tangu nianze shahada ya umahiri. Ni chache zinazoitazama picha kwa makini namna hiyo.

Desemba mwaka juzi nilikuwa likizo. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba kwa wiki kadhaa. Baba mdogo, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa, akaja na mchungaji wake kumwombea. Walipomaliza maombi, mgeni aliinua macho akaiona kalenda. Akasema ile ni miungu ya kigeni, na kwamba nyumba haiwezi kupona ikiwa imemkaribisha asiyestahili. Akataka ichomwe siku ile ile. Bibi alikaa kimya. Mimi, msomi wa Dar es Salaam, nikasimama kumtetea.

Nikasema, "Baba, hili ni pambo tu."

Baba mdogo akanitazama kwa upole. "Kama ni pambo tu, mbona unanibishia? Pambo huondolewa."

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na yanaanza kwa kukiri kwamba siku ile alinishinda.

*

Miezi michache baadaye rafiki yangu alinialika chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa Masaki. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa umebandikwa karatasi yenye makundi ya ng'ombe weupe, mayungiyungi ya waridi, migomba, na mandharinyuma ya kijani kizito. Ng'ombe walikuwa na alama za viganja vya mikono miilini, kama mtu aliyechovya mkono kwenye rangi akawabariki mmoja mmoja. Wote walikuwa wameinua vichwa kutazama katikati ya ukuta. Na katikati ya ukuta palikuwa na televisheni. Ng'ombe wa peponi walikuwa wanaangalia Ligi Kuu ya Uingereza.

Nilicheka. Kisha nikamkumbuka ng'ombe wa bibi, na kicheko kikaniishia.

Mtindo huu umeenea. Ukitafuta mapambo ya nyumba kwenye Instagram au Pinterest utauona kwenye foronya, mapazia, trei na karatasi za ukutani. Jina lake ni pichwai, na maana ya neno hilo ni kitu kinachoning'inia nyuma. Nyuma ya nani? Swali hilo ndilo ufunguo wa sanaa yenyewe, na ndilo ambalo wauzaji wa foronya hawalijibu.

Pichwai ni kitambaa kikubwa cha pamba kilichochorwa kwa mkono ili kitundikwe nyuma ya Shrinathji, sanamu ya jiwe jeusi iliyoko katika mji wa Nathdwara, jimbo la Rajasthan, tangu mwaka 1672. Shrinathji ni Krishna akiwa mtoto wa miaka saba. Kwa mkono wa kushoto ameuinua mlima Govardhan, na chini yake watu na ng'ombe wamejificha mvua ya ghadhabu. Wafuasi wa njia hii, iliyoanzishwa na mwalimu Vallabha (1479–1531), hawaichukulii sanamu kama kumbukumbu ya mtu aliyepita. Wanamlea mtoto. Asubuhi huamshwa, huvishwa, hulishwa, hupumzishwa, na milango hufunguliwa mara nane kwa siku ili watu wamwone.

Kwa kuwa ni mtoto, chumba chake hubadilishwa kulingana na majira. Wakati wa joto kali hutundikiwa pichwai ya bwawa la mayungiyungi, apate ubaridi. Usiku wa mwezi mpevu baada ya masika hutundikiwa pichwai ya ngoma chini ya mwezi. Siku ya Gopashtami, sikukuu ya kukumbuka alivyopandishwa cheo kutoka kuchunga ndama hadi kuchunga ng'ombe, hutundikiwa pichwai ya ng'ombe. Ndiyo wale wenye viganja miilini. Siku hiyo ng'ombe hupambwa.

Sasa fikiria kazi ya mchoraji. Anachora kitu ambacho hakitatazamwa peke yake. Katika baadhi ya vitambaa hivi Krishna hachorwi kabisa. Wanachorwa wanawake na ng'ombe kila upande wakielekeza nyuso katikati, na katikati unaachwa mti au uwazi, kwa sababu mwenyewe atakuwa amesimama pale mbele. Pichwai ya aina hiyo imekusudiwa ibaki pungufu hadi anayengojewa afike. Mpambaji wa Masaki aliona nafasi tupu inayofaa kitu cha mraba. Mchoraji aliona kiti cha mtu.

Nikienda dukani nikampa fundi lawama kwamba ametukana dini ya watu, nitakuwa nimerahisisha mambo. Kwa hiyo nilimwendea mtu anayehusika zaidi yangu. Ni mama mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na mtaa wa Kisutu, mtaa wa mahekalu ya Kihindu katikati ya Dar es Salaam. Nimekuwa nikinunua kwake tangu mwaka wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo kitenge au maneno?"

Nilimwonyesha picha ya ule ukuta kwenye simu. Alicheka kabla yangu. "Wamempa Krishna mpira!" Kisha akavaa miwani, akaivuta picha iwe kubwa, akawatazama ng'ombe mmoja mmoja. Akaniambia kwamba nyumbani kwake picha ya Krishna iko kwenye kona safi, na hakuna anayekula kabla yake: asubuhi huwekewa maji na kitu kitamu. Viatu havisogei karibu. Kitanda hakiwekwi mahali ambapo miguu ya mlalaji itamwelekea. Na picha ikichakaa haitupwi jalalani. Hupelekwa kwenye maji yanayotembea, ikaenda zake.

"Kwa hiyo hawa wa mkahawa wamekosea?"

"Kumweka si kosa," alisema. "Ila hakuna wa kumwamsha asubuhi."

"Na kama mtu hajui hayo yote, lakini anaipenda picha?"

Alifikiri huku akikunja kitambaa. "Basi ni kama mgeni aliyefika nyumba ambayo hakuna anayejua lugha yake. Anakaa tu. Lakini kiti mmempa, au hamkumpa?"

*

Njia iliyomleta mgeni huyu Afrika Mashariki ni ndefu, na haikuanzia kwenye Pinterest. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa na masultani kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch. Wabhatia wengi ni wafuasi wa njia ya Vallabha. Katika miaka hiyo wafanyabiashara wa Kihindu walivuka bahari bila wake zao, wakaishi kama makapera wenye hesabu nyingi. Dini yao ilifaa safari: mtoto anayelelewa hekaluni anaweza pia kulelewa kwenye kona ya chumba, ilimradi awepo wa kumlisha.

Baadaye ikaja mashine. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma alianzisha kiwanda cha kuchapa picha karibu na Bombay, na miungu iliyokuwa ikionekana hekaluni au kwa matajiri ikaingia nyumba za watu wa kawaida kwa bei ndogo. Katika miaka ya 1920 kampuni ya S. S. Brijbasi, iliyokuwa Karachi, iliwapa kazi wachoraji wa Nathdwara, watu wa ukoo ule ule wa kuchora pichwai, ili wachore Krishna wa kuchapwa. Kisha wafanyabiashara wakagundua kwamba mungu akiwekwa juu na miezi kumi na miwili chini, jina la duka litakaa ukutani mwaka mzima. Hivyo ndivyo kijana wa buluu alivyoweza kupanda reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, akaupanda mlima hadi Kasulu akiwa tangazo la biashara.

Wasomi wengi wa sanaa, India na kwingineko, waliidharau picha ya kalenda: rangi zinazopiga kelele, nyuso tamu kupita kiasi, karatasi ya bure. Mpambaji wa leo pia anaidharau. Anataka pichwai "halisi", au angalau nakala ya pichwai halisi. Darasani tulisoma hoja maarufu ya Walter Benjamin, ya mwaka 1936, kwamba kazi ya sanaa ikinakiliwa kwa mashine hupoteza ule uzito wake wa kuwepo mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ni hoja nzito. Lakini mama wa Kisutu anavika shada la maua picha iliyochapwa nakala maelfu, na kwake haijapungua hata chembe.

Sababu ni kwamba kinachofanya kazi hapa si ustadi wa mkono peke yake. Wahindu huita tendo hilo darshani: kumwona mungu na kuonwa naye. Macho ya picha yanatazama nje, yanakutana na ya mtu aliyekuja, na hapo jambo limetendeka. Macho hayo yanaweza kuwa ya wino wa kiwandani. Ila lazima awepo anayeyajibu.

Kwa kipimo hicho, kalenda iliyochanika ya Heru Juu ilikuwa karibu zaidi na Nathdwara kuliko ukuta wa Masaki uliogharimu mamilioni. Sisemi kwamba bibi alikuwa akiabudu. Bibi ni Mkatoliki wa rozari kila jioni. Nasema kwamba kila siku kwa zaidi ya miaka hamsini alimtazama yule kijana kama mtu anayeweza kutazamwa, akamlaumu kwa kukosa fimbo, akamsifu kwa ng'ombe asiyefungwa. Alimpa kiti.

*

Hapa mtu anaweza kuniambia kwamba ninataka picha zote za ibada zirudi kwenye kuta zilikotoka. Hapana. Mfano unaonizuia kufika huko ni wa wanawake wa Mithila, katika jimbo la Bihar, kaskazini mwa India.

Huko wanawake wamechora kuta za nyumba zao kwa vizazi vingi, kuta zilizosiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Wanachora Rama na Sita, Shiva na Parvati, Krishna na filimbi yake. Mchoro wenye uzito kuliko yote ni kohbar, unaochorwa kwenye chumba cha maharusi: shina la mwanzi linalopenya duara la mayungiyungi, na pembeni yake samaki, kobe, kasuku, jua na mwezi. Ni dua ya uzazi na ya kuelewana, iliyoandikwa ukutani kwa ajili ya watu wawili watakaolala humo usiku wa kwanza. Ukuta ukisiribwa upya, mchoro unakwisha. Haukukusudiwa kudumu.

Januari 1934 tetemeko kubwa liliangusha nyumba za Bihar. Ofisa wa Kiingereza, William Archer, akipita kukagua hasara, aliona michoro hiyo kwenye kuta zilizobomoka na akaanza kuipiga picha. Mwaka 1949 aliandika makala yaliyoipa umaarufu. Kisha ukaja ukame wa 1966 na 1967. Mashamba yalipokauka, Bodi ya Kazi za Mikono ya India ilipeleka karatasi vijijini na kuwaomba wanawake wachore juu yake, wauze, wale. Kwa hiyo mchoro wa Mithila uliopo leo kwenye sebule za dunia ulitoka ukutani kwa sababu ya njaa. Anayewalaumu wanawake wale kwa kuuza dua zao aanze kwa kuwaeleza wangekula nini.

Na karatasi iliwapa jambo jingine: majina. Mchoro wa ukutani haukuwa na sahihi. Kwenye karatasi wakajulikana Jagdamba Devi, Sita Devi, Ganga Devi. Huyu wa mwisho (1928–1991) ndiye ninayemrudia mara kwa mara. Hakuwa na mtoto aliyeishi, na mumewe aliongeza mke mwingine. Mwanamke huyo akawa mchoraji mkubwa wa kohbar, picha ya kuombea wengine ndoa na uzazi. Alipelekwa Marekani mwaka 1985, akarudi akachora magari na bembea za huko kwa mistari ile ile ya mayungiyungi. Alipougua saratani alichora hospitali: kitanda, mashine, chupa ya dripu. Na wakati anatibiwa Delhi, alichora kohbar kwenye kuta za chumba katika Jumba la Makumbusho ya Kazi za Mikono, kohbar kubwa pengine kuliko zote alizochora.

Chumba hicho hakipo tena. Kilifutwa wakati wa ukarabati wa jumba lenyewe.

Habari hii iliniuma kuliko televisheni ya Masaki, kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa watunzaji. Walikuwa na vitabu, wataalamu na bajeti. Sijui neno lililotumika kwenye kikao chao, lakini najua neno linalowezesha tendo kama hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimelitumia sebuleni kwa bibi. Pambo tu. Pambo huondolewa.

Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka kutoka mkoa wa Kagera, wana kisa kinachofanana na hiki. Imigongo, sanaa ya wanawake wa Gisaka, hutengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikajengwa matuta, kikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Jina lake latokana na mgongo. Muha hahitaji kamusi. Ilikuwa kuta za ndani za nyumba. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake wa Kirehe, wengi wao wajane, waliifufua kwa ushirika, wakaihamishia kwenye vibao vya mbao vinavyobebeka. Leo inaning'inia hotelini Kigali na kwenye nyumba za wageni Ulaya. Imehama ukuta, haijafa. Kinachoiokoa ni kwamba waliyoihamisha ni wenyewe, na kwamba kuna mtu anayeweza kukwambia nani kaitengeneza na kwa nini matuta yameelekea kule.

*

Kwa hiyo uhakiki wangu wa sebule zetu ni huu, na nauandika kwa wenzangu tunaopanga vyumba vyetu vya kwanza, tunaobandika kuta kwa mishahara ya kwanza.

Sina ugomvi na asiye Mhindu anayetundika Krishna. Miungu, kama wafanyabiashara, wamesafiri siku zote, na nyumba isiyo na picha ya kutoka mbali ni nyumba isiyo na madirisha. Ugomvi wangu ni na pichwai iliyokatwa ili ienee kwenye mto wa kochi, kichwa cha ng'ombe upande mmoja na mkia umeshonewa chini. Ni na kohbar inayouzwa kama "mchoro wa samaki wa kikabila" bila jina la mwanamke aliyeichora. Ni na mtindo wa kuondoa mtu na kubakiza mayungiyungi, kwa sababu mayungiyungi hayamkeri mgeni yeyote. Picha hizo zimechaguliwa kwa vile hazitatudai chochote. Na kweli hazidai. Zinanyamaza kama mgeni ambaye hakuna aliyemsalimu.

Vipimo vyangu ni vitatu, na havihitaji imani. Je, unaweza kumwambia mgeni aliyemo kwenye picha ni nani na anafanya nini? Je, kama ilichorwa kwa mkono, unalijua jina la mkono huo, na ulilipwa? Na umeweka nini mbele yake? Hiki cha tatu nimejifunza kwa wachoraji wa Nathdwara. Kila picha ya ibada ina nafasi mbele yake inayomngoja mtu, na chochote unachokiweka pale, kochi, televisheni au rafu ya viatu, kinakuwa jibu lako.

Sasa naweza kumrudia baba mdogo. Siku ile sebuleni tulikuwa watu wawili wenye hoja, yeye na mimi, na hoja yake ilikuwa na heshima zaidi kwa picha kuliko yangu. Mchungaji wake aliitazama kalenda akaamini kwamba ina nguvu ya kuwepo humo ndani. Alikosea kuhusu miguu ya bibi: zahanati ilipima, ikakuta ni shinikizo la damu, na vidonge vinamsaidia. Lakini hakukosea kwamba picha ile ni zaidi ya karatasi. Mimi niliyedai kuitetea ndiye niliyeitoa uhai kwa neno moja. Ningemwambia nini? Ningemwambia: Baba, huyu ni mchunga ng'ombe wa watu wengine, ambao wanampenda na kumlisha. Sisi hatumlishi. Lakini amekaa hapa tangu babu hai, na hajawahi kumwomba bibi chochote isipokuwa amtazame. Tukimtoa, tumtoe kama mgeni anayesindikizwa, si kama takataka. Pengine asingekubali. Walau tungekuwa tunazungumza habari ya kitu kile kile.

Haikuchomwa. Bibi alinyanyuka kwa miguu yake iliyovimba, akaishusha mwenyewe, akaifunga kwenye khanga na kunikabidhi niende nayo Dar es Salaam. Baba mdogo alimletea kalenda ya kanisa, nzuri, yenye ziwa na jua linalozama. Bibi alishukuru, akaitundika ukuta wa pili. Msumari ulio mkabala na mlango uko wazi hadi leo.

Kwa zaidi ya mwaka ile picha ilikaa chini ya kitanda changu, ndani ya khanga, kati ya begi na viatu vya mvua. Baada ya mazungumzo ya Kisutu niliona aibu. Niliitoa, nikaifuta vumbi, nikaitundika juu ya meza ninayosomea. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya hapo ni kuhamisha viatu. Sikuhamisha kwa kuwa nimeongoka. Nilihamisha kwa sababu sasa nilikuwa nimeambiwa.

Jioni nikampigia bibi simu kumweleza kwamba Mchungaji ametoka chini ya kitanda. Alifurahi, akauliza habari za masomo, akauliza kama mchele umepanda bei. Halafu akasema, "Umemweka upande gani?"

"Juu ya meza, bibi. Ukuta wa dirishani."

"Anauona mlango?"

Niligeuka nikatazama. Hakuwa anauona.

"Mchunga ng'ombe lazima aone mlango," alisema. "Atajuaje anayeingia?"

Nikakata simu, nikaenda kwa jirani kuazima nyundo.